Bibi Harusi ni Nesi wa Dharura: Historia ya Kuijua Kabla Hatujamwambia Aache Kazi



Leo nawaandikia kutoka Omurushaka, Karagwe, mkoa wa Kagera, kwenye njia panda ya barabara ya kwenda Kyerwa na Murongo mpakani na Uganda. Wengi wenu mnanijua kwa magauni ya harusi na mitandio ya nakshi. Mimi ni fundi cherehani, nimesoma sekondari kisha kozi ya ushoni, na nilikuja huku kwa kuolewa. Lakini leo sizungumzii gauni. Nazungumzia aliyekuja kushonewa gauni.

Alikuja dukani na oda mbili kwa pamoja: gauni la nikahi na jozi mbili za sare za kazi. Ni nesi wa chumba cha dharura. Nikachukua vipimo, tukaongea, akacheka. Nilipomuuliza tarehe ya harusi, machozi yakamlenga. Upande wa mume umetuma ujumbe: wanampenda, mahari iko tayari, ila aombe kuhamishwa dharura aende kliniki ya mchana, au aache kazi kabisa. Wamesema si heshima mke wa mtu kulala nje na kushika wanaume wasiomhusu wanaotoka damu. Alipewa wiki moja ajibu.

Sikumjibu siku ile. Mimi si shekhe wala daktari. Nilikwenda nyumbani nikafikiri haya ninayowaandikia, kwa sababu naona tunawahukumu hawa wasichana bila ya kujua wametoka wapi.

Hema la Bibi Rufaida

Tuanze na kwetu. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Sahaba Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale ukakata mshipa wa mkono. Mtume wetu (s.a.w.) aliamuru awekwe kwenye hema lililokuwa msikitini Madina, na mwenye hema hilo alikuwa mwanamke, Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Bibi Ummu Atiyya naye alitoka na majeshi mara saba, akiwapikia na kuwauguza. Na katika Sahihi ya Imamu Bukhari kuna mlango mzima kuhusu wanawake kuwatibu majeruhi vitani.

Dada zangu, hema lile lilikuwa chumba cha dharura. Mtu ameletwa anavuja damu, na anayempokea anajua la kufanya na hakimbii. Wenzetu wa Ulaya wanaianza historia yao ya uuguzi kwa Florence Nightingale, aliyekwenda kuwauguza askari wa Uingereza kule Scutari, Uturuki, mwaka 1854. Hilo ni sawa, alifanya kazi kubwa. Lakini binti wa Kiislamu akiambiwa kazi hii si ya kwetu, ajue kwamba Bibi Rufaida alimtangulia Florence kwa zaidi ya miaka 1,200.

Karagwe na wagonjwa wake

Watu wa Unguja huniuliza, "Hivi huko Karagwe mlifikaje?" Nawaambia njia yetu ni ya zamani. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, humu humu Karagwe, wakati wa mtawala Rumanyika. Wazungu Speke na Grant walifika kwa Rumanyika mwaka 1861. Speke akaendelea na safari ya Buganda, Grant akabaki miezi kadhaa kwa sababu mguu wake ulivimba na kutunga usaha hata hakuweza kutembea. Wenyeji walimhangaikia kwa dawa walizozijua. Kwa hiyo hata mgeni huyo mashuhuri wa Karagwe alikuwa mgonjwa wa kuuguzwa.

Hospitali zilikuja baadaye, nyingi kwa mkono wa makanisa: Ndolage kule Muleba, Nyakahanga hapa jirani yetu, Murgwanza kule Ngara. Waislamu na Wakristo tumezaliwa humo na tumeuguzwa humo, na hilo tuseme kwa shukrani.

Lakini mkoa huu una jambo moja: uko mpakani, na maafa yanaujua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia kuja upande wa kusini wa mto. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu, wakati ambapo muuguzi hakuwa na dawa ya kumpa mgonjwa zaidi ya kumsafisha, kumlisha na kumshika mkono. Wakati ule wengine waliogopa hata kugusa shuka za mgonjwa. Manesi waliendelea kuzibadilisha.

Kisha mwaka 1994. Mwisho wa Aprili, watu kiasi cha laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, wakikimbia mauaji na vita. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa kufumba na kufumbua. Karagwe nayo ilipata kambi zake, zikiwemo Chabalisa na Kagenyi. Miezi michache baadaye, Julai, kipindupindu na kuhara damu viliua maelfu kwa maelfu katika kambi za Goma, Zaire. Upande wetu vifo havikufika huko, na sababu moja kubwa ni kwamba maji, vyoo na vituo vya maji ya chumvi na sukari viliwekwa mapema. Kazi ya dharura si ving'ora tu. Mara nyingi ni nesi mwenye ndoo, kijiko na subira, anayemnywesha mtoto kidogo kidogo hadi alfajiri.

Tarehe 21 Mei 1996 ikazama MV Bukoba karibu na Mwanza, watu zaidi ya 800 wakapotea. Hapa Kagera ni shida kumpata mtu asiyekuwa na ndugu au jirani aliyekuwemo.

Tarehe 10 Septemba, mara mbili

Hii nawaandikia nyinyi wa visiwani hasa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 nilikuwa Unguja, bado najifunza kushona. MV Spice Islander ilizama bahari ya Nungwi ikielekea Pemba. Mnakumbuka Maisara, maiti zimelazwa watu wanatafuta jamaa zao. Zaidi ya watu 200 waliopolewa maiti, na zaidi ya 600 waliokolewa wazima. Sote tulilia waliokufa. Ni wachache waliouliza wale mamia waliotolewa majini, wenye baridi, waliokunywa maji ya chumvi, waliovunjika, nani aliwapokea.

Miaka mitano baadaye, tarehe ile ile, 10 Septemba 2016, nilikuwa Omurushaka. Ilikuwa Jumamosi, siku mbili kabla ya Idi kubwa, nimezungukwa na nguo za watu. Saa tisa na nusu hivi alasiri cherehani ikaanza kutembea yenyewe. Tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kagera watu 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka, na waliopata maafa zaidi walikuwa wa Bukoba na Missenyi. Manesi waliokuwa wamemaliza zamu walirudi kazini bila ya kuitwa. Wengine nyumba zao wenyewe zilikuwa zimepasuka kuta. Siku ile ndiyo niliyoanza kuwatazama manesi kwa jicho jingine.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikaangukia Ziwa Viktoria ikikaribia uwanja wa Bukoba. Walikuwemo watu 43, wakanusurika 24, wakafariki 19. Wavuvi waliwatoa majini, Mungu awalipe. Na baada ya wavuvi kuna mikono mingine iliyopokea.

Aliyekufa kwa kazi yake

Machi 2023, siku chache kabla ya Ramadhani, serikali ilitangaza tarehe 21 kwamba ugonjwa usiojulikana uliokuwa ukiua watu Bukoba vijijini ni Marburg. Haijawahi kutokea Tanzania kabla ya hapo. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6. Wawili kati ya waliougua walikuwa wahudumu wa afya, na mmoja wao alifariki. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Januari 2025 ukarudi tena, safari hii Biharamulo, mkoa huu huu.

Fikirini, dada zangu. Marburg huambukiza kwa damu, matapishi na majimaji ya mgonjwa. Mgonjwa anapofika hospitali hana kibandiko usoni kinachosema "mimi ni Marburg". Anafika na homa na kutapika, kama malaria. Wa kwanza kumgusa ni nesi wa mapokezi ya dharura. Kama glavu zimekwisha siku hiyo, hatari ni yake. Tunaposema "kashika wanaume wasiomhusu", tukumbuke alivyoweka roho yake rehani.

Usiku wangu mimi

Mwaka 2019 nilijifungua mtoto wangu wa pili katika kituo kimoja huku kwetu. Mtoto alitoka salama, mimi damu haikukata. Gari la wagonjwa halikuwepo. Mume wangu alihangaika kwenye njia panda hadi akapata Noah ya abiria. Nesi alipanda na mimi. Njia nzima, gari likirukaruka kwenye mashimo, alikuwa amekandamiza na kukanda tumbo langu kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika dripu juu. Nilimsikia akiniambia, "Mama, usilale. Niambie unashona nini wiki hii." Nikawa namtajia nguo za wateja mmoja mmoja. Ndivyo nilivyofika hospitali nikiwa na fahamu zangu.

Baadaye nilijua kukanda vile si huruma tu, ni elimu: mji wa uzazi ukikazwa, mishipa ya damu hujibana. Na kule kuniongelesha alikuwa akipima ufahamu wangu. Yule nesi alikuwa mwanamke mwenye mume na watoto, na usiku ule hakulala kwake. Kama mume wake angemkataza, mtoto wangu angelelewa na mwengine.

Siku hizi kuna afueni. Mwaka 2022 serikali ilizindua kitaifa mpango wa m-mama: mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, inapigwa namba 115 bila ya malipo, na hupangwa gari la wagonjwa au gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mabibi harusi, iandikeni namba hiyo kwenye simu zenu kabla hamjahitaji.

Kazi yenyewe imefika wapi

Kwa miaka mingi hospitali zetu zilikuwa na chumba cha "majeruhi" tu: benchi, kitanda, na nesi yeyote aliyepangwa siku hiyo. Idara kamili ya kwanza ya tiba ya dharura Tanzania ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, Januari 2010. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Kwa hiyo hii ni fani changa, na nafasi za mabinti zipo.

Njia yake ni hii, kwa mama mwenye binti wa kidato cha nne. Anahitaji ufaulu wa masomo ya sayansi, hasa Biolojia na Kemia. Anasoma chuo cha uuguzi na ukunga hadi cheti, au anaendelea kufikia stashahada kwa jumla ya miaka 3. Wengine huingia shahada chuo kikuu. Kisha anafanya mtihani na kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bila ya leseni haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi. Wa cheti huanza kama Muuguzi, wa stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, wa shahada ni Afisa Muuguzi. Akitaka kubobea, Chuo Kikuu cha Muhimbili kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Na yapo mafunzo mafupi ya siku tano yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, yaliyojaribiwa kwanza Tanzania, Uganda na Zambia. Yanafundisha kumwangalia kila mgonjwa kwa mpangilio: njia ya hewa iko wazi? Anapumua? Damu inazunguka? Ana fahamu? Kisha mwili wote ukaguliwe. Mpangilio huo ndio unaomfanya nesi asichanganyikiwe wakati ndugu kumi wanapiga kelele mlangoni.

Shida zake nazo nizitaje, nisije nikaonekana napamba. Zamu ya usiku ni ndefu na aghalabu wako wachache kuliko wagonjwa. Posho huchelewa. Wapo wanaomaliza chuo wakakaa miaka wakijitolea kwa nauli tu wakisubiri ajira. Wapo wanaotukanwa na hata kupigwa na ndugu wa mgonjwa. Sindano ikimchoma aliyemchoma mgonjwa, lazima aanze dawa kinga ya Virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, na bibi harusi nesi ahakikishe amezikamilisha. Hizi ndizo habari za kumuuliza mchumba wako anayefanya kazi dharura. "Umechanjwa?" ni swali la mapenzi kuliko "Kwa nini umerudi asubuhi?"

Upande wa fundi: stara na usalama

Hapa niko kwangu. Nesi wa Kiislamu hana haja ya kuchagua kati ya hijabu na kazi. Sare ya dharura ishonwe hivi: kanzu fupi inayofika magotini juu ya suruali pana, mpasuo wa pembeni ili apate kupiga magoti haraka. Kitambaa kiwe cha pamba iliyochanganywa na tetroni, kinavumilia Jik na maji ya moto. Mkono uwe mrefu wenye lastiki laini, unaopanda juu ya kiwiko kwa urahisi anapoosha mikono na kurudi chini baadaye, kwa sababu mkono mrefu unaoning'inia hubeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda. Hijabu iwe ya jezi, fupi, ya kuvaa kichwani moja kwa moja na kuingizwa ndani ya ukosi. Bila ya pini hata moja! Pini huanguka kwenye kitanda cha mgonjwa, na mtandio mrefu mgonjwa aliyechanganyikiwa ataudaka. Saa isivaliwe mkononi, niwekee kitanzi kifuani ya kuning'inizwa. Na awe na jozi tatu: moja mwilini, moja inafuliwa, moja kabatini, kwa sababu ya damu.

Jibu

Wiki ilipokwisha, yule binti aliniomba niende nikae na mama zake siku ya kikao cha wanawake. Nilikwenda. Niliwasimulia la Bibi Rufaida, nikawasimulia la Noah yangu ya 2019. Sikumsema mtu. Nikasema tu kwamba masharti yana wakati wake, nao ni kabla ya akdi, mbele ya mawalii, kwa maneno yaliyo wazi. Mwanamke akiolewa kwa kunyamaza, ugomvi utakuja na mtoto mgongoni.

Mama wa mume alinyamaza muda mrefu, anachezea ncha ya kanga. Kisha akasema mwaka ule wa 1994 alikuwa anauza ndizi karibu na kambi, na mwanawe, huyu huyu bwana harusi, akiwa mchanga, alishikwa na kuhara hadi macho yakazama. Nesi mmoja wa kambini, wala si wa kabila letu wala dini yetu, alimnywesha kwa kijiko usiku mzima. "Sikumuuliza mume wake kamruhusu," akasema.

Walikubaliana hivi: binti atabaki dharura. Likizo yake ya mwaka ataichukua mwezi wa harusi. Mume atampeleka na kumchukua mwenyewe zamu za usiku. Wakijaaliwa mimba, ataomba kazi za mchana hadi atakapojifungua na kunyonyesha. Hakuna aliyeshindwa hapo.

Gauni lake ni la rangi ya maziwa, nakshi za dhahabu mikononi. Nimeambiwa liwe tayari Alkhamisi, kwa sababu zamu yake ya mwisho ni ya usiku wa Jumatano. Sare zake mbili nazo nimezikunja chini ya gauni, kwenye mfuko mmoja.

Dada zangu, mkimwona bibi harusi wa namna hii, mwombeeni dua. Na wewe uliye nesi unayesoma haya baada ya zamu, miguu imevimba, chai imepoa: Mwenyezi Mungu akulipe kheri, akulinde na ugonjwa unaoushika kwa ajili yetu. Amin.